Sekunde Kumi na Moja

Alhamisi, tarehe 9 Oktoba. Tangu alfajiri kulikuwa na manyunyu, yale membamba ambayo hayamlowanishi mtu lakini hayaachi nguo zikauke, na upepo ulikuwa umelala kabisa.

Saa kumi jioni ya siku hiyo tulikuwa na kikao kliniki: mimi, dada yangu, mwanangu Nukta na mshauri wangu. Katika kikao hicho dada angesema kama Nukta atarudi kuishi nami shule zikifunguliwa Jumatatu, au atabaki kwake. Alikuwa amekaa kwake miezi kumi na minne. Nukta ana miaka kumi na miwili. Jina hilo alilipata siku aliyozaliwa, kwa sababu alikuwa mdogo mno, na mkunga alisema huyu si mtoto, ni nukta.

Nilisali, kisha nikafanya kosa la kwanza la siku. Nilimwandikia dada: "Shikamoo dada. Leo mtakuja na begi la Nukta?"

Jibu likaja saa moja na robo. "Marahaba. Tutaongea huko huko."

Basi. Ndiyo haikuwemo, hapana haikuwemo. Nilisoma maneno hayo nikiwa nimesimama, nikayasoma nikiwa nimekaa, nikayasoma tena huku natafuta kiatu cha pili. Mtu mwenye habari njema hasemi tutaongea. Mtu mwenye habari njema anasema tu.

Nieleze kwanza ugonjwa wangu, ili msomaji asinione mwehu bure. Daktari aliuita tatizo la haiba la mpakani. Mimi kazi yangu ni kupiga pasi kwa dobi, kwa hiyo huueleza kwa pasi. Pasi nzima ikifika kwenye joto lake hujizima yenyewe, ikipoa hujiwasha. Yangu hiyo sehemu ya kujizima haifanyi kazi. Mtu akichelewa dakika tano, au akinipita bila salamu, moto unapanda mpaka nguo inaungua, na nguo yenyewe huwa ni wale ninaowapenda. Leo dada ni malaika, kesho ni adui yangu, na siku zote mbili naamini kwa moyo wangu wote. Hofu kubwa kuliko zote ni kuachwa, na kwa kuogopa kuachwa niliwafukuza watu wengi.

Nimewahi kumtumia dada jumbe sitini na tatu kwa mchana mmoja. Nimewahi kwenda kupiga kelele langoni kwa shule anayofundisha, wanafunzi wake wakichungulia madirishani. Mara mbili nilitaka kuondoka duniani, na mara ya pili ni Nukta aliyenikuta na kuita majirani. Hapo ndipo alipochukuliwa na mama yake mkubwa, mimi nikalazwa, na hospitalini nikakutana na mshauri.

Miaka mingi nilimwomba Mungu aniondolee moyo huu anipe mwingine. Hakuniondolea. Aliniletea mama mmoja mfupi mwenye miwani, na kadi za karatasi ngumu.

Kadi hizo zinajazwa kila siku. Unaandika hasira yako leo ni ngapi, kuanzia sifuri hadi tano, na hofu, na huzuni, na hamu ya kujidhuru, kisha unaandika ulifanya nini. Mwanzoni nilikuwa nachora vijiti, kwa kuwa nilitoka shule darasa la tatu. Nilijiandikisha masomo ya jioni kwa ajili ya zile kadi, nikakaa kwenye dawati na watu wa umri wa kuwazaa. Mshauri aliniambia watu wengi wenye tatizo langu hupata nafuu kubwa wakitibiwa, na wengi hupona. Hakusema wote. Nilimpenda kwa hilo. Alisema pia kwamba huwezi kupona kwa kukaa unasubiri. Ni mazoezi, kama mtu aliyevunjika mguu anayejifunza upya kutembea.

Basi siku hiyo nikaenda kazini kufanya mazoezi.

Duka letu ni chumba kimoja kirefu. Mbele kuna kaunta ya kupokelea nguo, katikati meza mbili za kupigia pasi, nyuma mabeseni na kamba. Meza ya pili ni ya mwenzangu tunayemwita Redio, kwa sababu hana kitufe cha kuzimia.

"Mwanafunzi," alianza, maana ndivyo anavyoniita tangu nianze masomo, "hilo shati limekukosea nini?"

"Niache."

"Sikuachi. Ukiliunguza, mwenye duka atanisema mimi. Wewe hasemi nawe, anajua una wazimu wenye cheti."

Ni yeye peke yake anayeruhusiwa kusema hivyo, na kwa kawaida hucheka mimi kabla yake. Siku hiyo nilitoa simu mfukoni nikamwonyesha ujumbe wa dada.

Aliusoma akisogeza midomo. "Sasa tatizo liko wapi? Mtaongea huko huko. Ulitaka muongee wapi, kwenye beseni?"

"Amekataa, Redio. Angekuwa amekubali angesema."

"Au ana shughuli zake. Au anakojoa. Watu wanakojoa, Mwanafunzi, hata dada zetu." Akanyoosha mkono. "Leta hiyo simu."

Tulikuwa na mpango huo kwa miezi kadhaa: nikianza kuitazama simu kila dakika, anaiweka kwenye droo yake ya vifungo mpaka saa saba. Nikampa. Nikatoa kadi, nikaandika hofu, nne. Nilikuwa najidanganya, ilikuwa tano.

Mashuka ya nyumba ya wageni yalikuwa hayajakauka, kwa hiyo ilibidi kuyakausha kwa pasi, moja moja, na mvuke ulijaa mpaka vioo vya mbele vikawa vyeupe. Kwenye mvuke huo nilimwona Nukta akija kikaoni bila begi. Nilimwona akinipa mkono kama mgeni. Nilipofika shuka la sita nilimwona ameolewa, na mimi sijaalikwa.

Nikaenda nyuma kwenye beseni la kusuuzia, nikazamisha uso kwenye maji baridi na kuhesabu mpaka thelathini, kama nilivyofundishwa. Maji yale hupunguza mbio za moyo. Sijui kwa nini, lakini hupunguza.

"Akizama huyo," nilimsikia Redio akimwambia mteja, "tutasema alikuwa anasuuzwa."

Nikarudia mara ya pili. Moyo ukatulia. Nikapiga pasi mashati manane bila kuona harusi ya mtu yeyote. Saa saba Redio akafungua droo akanirudishia simu, akaenda kula.

Hakukuwa na ujumbe mpya, lakini dada alikuwa amebadilisha picha yake. Sasa alikuwa yeye na Nukta, wamekumbatiana mbele ya kabati. Nukta amevaa sare ya shule mpya kabisa, mikunjo ya dukani bado inaonekana kwenye sketi. Mkono wa dada uko begani kwake, na Nukta anacheka meno yote nje.

Kwangu nilikuwa nimeshashona sare ya Nukta. Niliishona mwenyewe kwa mkono, jioni baada ya masomo, na dada alijua.

Sikumbuki kubofya. Nakumbuka tu simu ikiwa karibu na mdomo na kitufe cha kurekodi kikiwa chini ya kidole gumba. "Kaa naye basi. Si ndivyo ulivyotaka tangu zamani? Mwambie hana mama. Mimi nimeshamsahau, na wewe usiniite mdogo wako tena." Sekunde kumi na moja. Nikaachia kidole, ikaenda.

Ile raha ya kuachia huwa ni fupi sana. Kabla sijavuta pumzi nikasikia nilichosema. Nikabonyeza ujumbe, nikahangaika karibu dakika nzima kutafuta pa kufutia, nikaufuta kwa wote, na palipokuwa na sauti yangu pakabaki maneno matatu: Ujumbe huu umefutwa. Sikuweza kujua kama kuna mtu alikuwa ameusikiliza.

Redio alinikuta nimekaa sakafuni chini ya meza ya pasi. Nilimwambia yote.

"Umefuta?"

"Nimefuta."

"Basi limekwisha. Akiuliza, sema ulibofya bahati mbaya ukiwa umeshika pasi. Nani atajua?"

"Kama aliusikia je?"

"Angeusikia angeshakupigia. Mwanafunzi, nisikilize. Leo wanaamua habari ya mtoto wako. Leo si siku ya kutubu. Tubu wiki ijayo."

Alisema kwa huruma, na lilikuwa shauri zuri. Nilipotoka saa tisa nilikuwa nimeshalikubali. Njia nzima nilifanyia mazoezi uongo wangu: nilikuwa nimeshika pasi, kidole kikateleza. Nilijaribu kuusema nikitabasamu, nikajaribu kuusema kama mtu anayeshangaa. Mtaa wa maduka ya vyuma ulikuwa umejaa matope, magari yakirusha maji, na mara mbili nilisimama nikitaka kugeuka. Nisipokwenda hawataniuliza. Nisipokwenda pia watasema sikwenda.

Zamani nilikuwa nasali kwa kutisha. Nilimwambia Mungu, wakiniacha nitakufa, na damu yangu itakuwa juu yako. Sasa nimejifunza kuomba kidogo. Ee Mungu, nipe dakika kumi zijazo. Hizo tu. Nilipofika njia panda ya kwanza zilikuwa zimeisha, nikaomba nyingine kumi. Nilifika langoni kwa kliniki nikiwa nimeomba mara tatu.

Chumba cha kikao kina viti sita vya plastiki, ubao mweupe, na saa ya ukutani inayopiga kelele kuliko ukubwa wake. Dada alikuwa ameshakaa, mkoba mapajani, mgongo umenyooka kama yuko mbele ya darasa. Nukta alikuwa pembeni yake amevaa gauni la nyumbani. Nilitazama chini ya viti. Begi halikuwepo.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hilo lilinitisha zaidi.

"Shikamoo mama," alisema Nukta. Hakunitazama. Alikuwa akikwangua rangi ya ukucha wake.

Mshauri alifunga mlango, akasema kikao hiki ni cha watu wazima kuamua, na Nukta atasikilizwa lakini hatabebeshwa uamuzi. Kisha akamwuliza dada angependa kuanzia wapi.

Dada alifungua mkoba akatoa simu. "Nianzie hapa," alisema. "Nimekuja nikiwa tayari kusema mengi mazuri. Miezi mitano hajaniletea fujo. Amekuja kila Jumapili kumwona mtoto, na ameondoka kwa amani. Nimeyaona, na namshukuru Mungu. Lakini leo saa saba nimekuta hii." Alinigeuzia kioo. Ujumbe huu umefutwa. "Kilikuwa nini?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Nilihisi hata ladha yake. Nilimtazama mshauri, yeye akatazama kalamu yake. Hakunisaidia, na najua sasa kwamba hakupaswa kunisaidia. Saa ya ukutani ikapiga kelele zake. Nilikuwa nimeshika pasi. Maneno matatu tu, na pengine mtoto angelala kwangu Jumapili.

"Ulikuwa ujumbe wa sauti," nilisema. "Sekunde kumi na moja. Niliona picha yenu na ile sare, nikarekodi. Nilisema kaa naye. Nilisema mwambie hana mama. Nilisema nimeshamsahau, na usiniite mdogo wako." Nikamtazama dada. "Halafu nikafuta. Na nilikuja hapa nimepanga kukudanganya kwamba kidole kiliteleza."

Dada aliweka simu juu ya mkoba, taratibu sana. Nikajua nimeshampoteza mtoto, kwa mdomo wangu mwenyewe, mara mbili kwa siku moja.

"Mimi niliusikia," alisema Nukta.

Sote tukamgeukia.

"Simu ya mama mkubwa nilikuwa nayo mimi, nacheza. Ikaingia, nikaufungua." Bado alikuwa anakwangua ukucha. "Sikumwambia mtu. Nilitaka kuona kama utasema uongo."

Sijui nielezeje nilivyohisi. Nilitaka sakafu inimeze, na pia nilitaka kupiga magoti, na pia, nakiri hapa, kwa sekunde moja nilimkasirikia kwa kunitega. Zote tatu pamoja. Mshauri aliona uso wangu. "Miguu sakafuni," alisema. "Pumua. Usijibu bado." Nikashika pande mbili za kiti. Nikapumua. Ile hasira ilipanda, ikafika juu, na nikiwa bado nimeshika kiti ikaanza kushuka yenyewe. Mwaka mmoja kabla yake nisingeamini kwamba hushuka.

"Nisamehe, mwanangu," nilisema. "Sijakusahau hata siku moja. Nilikuwa naogopa, nikasema uongo mkubwa kwa sauti kubwa."

"Najua unaogopa," alisema. "Lakini mimi ndiye niliyeusikia."

Mshauri hakuturuhusu kulia pamoja na kuishia hapo. Alisimama ubaoni akachora pete, moja ndani ya nyingine kama mnyororo, akaniuliza ilianzia wapi. Tukaandika: swali la asubuhi. Jibu lisilo na ndiyo wala hapana. Kuwa na hofu ya tano na kuandika nne. Maji baridi, ambayo yalisaidia. Kuchukua simu wakati Redio ameondoka. Picha. Akauliza pete ipi ningeweza kuifungua. Nikasema, ya simu. Ningesubiri Redio arudi. Kumbe jambo lenyewe lilikuwa dogo hivyo.

"Na mimi?" aliuliza dada ghafla. "Mimi nipo kwenye huo mnyororo?"

"Unajionaje?" alisema mshauri.

Dada alivua miwani akaifuta kwa ncha ya blauzi. "Ile sare nilinunua ili abaki," alisema. "Sitakudanganya, mdogo wangu. Hukukosea kuogopa. Nilijua umeshona yako, nikanunua. Na asubuhi nilishindwa kukuandikia kwa sababu nilikuwa sijui. Nimemzoea. Nyumba itakuwa kimya."

Huo ndio ulikuwa ukweli niliouogopa tangu saa moja na robo, na sasa ulikuwa umekaa mbele yangu na miwani mkononi. Niliona kwamba dada si malaika wala adui. Ni mwanamke wa miaka hamsini na mbili anayempenda mwanangu.

"Mwaka jana," aliendelea, "ungekuwa umenitumia sabini, na sasa hivi ungekuwa langoni kwangu umebeba mawe. Leo umetuma mmoja, ukaufuta, ukaja ukausema. Nimeona. Lakini mtoto aliusikia. Siwezi kufanya kana kwamba hakuusikia."

Walizungumza yeye na mshauri kwa muda, na mimi niliulizwa, na Nukta aliulizwa anapenda nini na anaogopa nini. Alisema anapenda kulala kwangu kwa sababu namwacha achague upande wa kitanda. Alisema anaogopa nikinyamaza, kuliko nikipiga kelele. Saa kumi na moja na nusu walifika hapa: Nukta ataendelea kukaa kwa mama yake mkubwa siku za shule. Ijumaa jioni atakuja kwangu, Jumapili jioni atarudi. Baada ya wiki nne tutakaa tena chumba kile kile.

Nilikuwa nimeomba yote, nikapewa siku mbili na kidogo. Iliuma. Niliandika kwenye kadi hapo hapo, huzuni, tano, na safari hii sikupunguza.

"Nakubali," nilisema. Kisha nikasimama, maana nilikuwa nimejaa, nikanyanyua mkono. "Naapa mbele ya Mungu, sitarudia tena kamwe..."

"Hapana," alisema mshauri. "Hiyo umeapa mara ngapi?"

Dada alicheka kwa pua. "Mimi mwenyewe nimeisikia mara ishirini."

"Tunataka ahadi unayoiweza," alisema mshauri. "Ndogo. Ambayo mtu akiwa chumbani anaweza kuona umeitimiza au hujaitimiza."

Nikashusha mkono. Nukta ndiye aliyeuliza, na mara hii alinitazama usoni. "Na ukinikasirikia mimi? Nikiwa kwako Jumamosi, tuko wawili tu?"

Nilifikiri. Niliomba dakika kumi, nadhani nilitumia moja. Nje mtu alikuwa anaburuta kitanda cha magurudumu ukumbini, tukasubiri kipite. Mshauri alifungua daftari lake, na dada akavaa miwani tena kunitazama vizuri. Nikasema kwa sauti, ili wote watatu wasikie:

"Nikikukasirikia, Nukta, nitakuambia kwa mdomo wangu kwamba nimekasirika. Sitanyamaza. Nitatoka nje, nitatembea mpaka kona na kurudi, na nitarudi kweli. Sitakuambia uende zako. Na nikiteleza nikasema neno baya, sitalifuta: siku hiyo hiyo nitampigia mama yako mkubwa, wewe ukiwa unasikia, nimwambie nimesema nini."